Bosi Akiondoka, Hisa Zinapanda: Wanahisa wa HP na Bodi Yao

Tarehe 9 Februari 2005 bodi ya Hewlett-Packard (HP), kampuni ya kompyuta na printa ya Marekani, ilimwondoa Carly Fiorina kwenye kiti cha mtendaji mkuu. Siku hiyohiyo hisa za kampuni zilipanda karibu asilimia 7. Hakuna bidhaa mpya iliyotoka siku hiyo, hakuna mteja mkubwa aliyesaini mkataba, na hata mrithi hakuwa amepatikana. Mkuu wa fedha, Robert Wayman, aliambiwa akaimu. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja hayupo tena ofisini, na kwa kutokuwepo kwake tu kampuni ikaongezeka thamani kwa dola bilioni kadhaa kabla jua halijazama.

Miaka mitano baadaye, Agosti 2010, aliyempokea kiti naye akaondoka. Safari hii soko likafanya kinyume: hisa zikaanguka kama asilimia 8 siku ya kwanza ya biashara. Mwaka mmoja tena, Septemba 2011, ukazuka uvumi kwamba bosi wa tatu anatimuliwa, na hisa zikapaa kabla hata bodi haijatamka neno.

Sina hisa ya HP hata moja. Naifuatilia kampuni hii kwa sababu ni vigumu kupata nyingine ambayo wenye mali wamewajadili wakuu wao hadharani namna hii, kwa barua, kwa kesi, kwa kura na kwa bei. Na pia kwa sababu ya jambo ninaloliona huku kwetu. Kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wanaonunua hisa pale DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, kila kampuni ikitangaza mkurugenzi mtendaji mpya, swali la kwanza huwa ni "Huyu katokea wapi?" La pili, "Mbona yule wa zamani kaondoka ghafla?" Swali la tatu, la nani kamleta huyu na nani alimleta yule, halifiki. Wanahisa wa HP liliwachukua miaka kumi na minne kulifikia.

Tuanze na Fiorina. Alichukuliwa kutoka Lucent, kampuni ya mitambo ya simu, Julai 1999. HP ilikuwa na miaka sitini, imeanzishwa mwaka 1939 na Bill Hewlett na David Packard katika banda la gari pale Palo Alto, California, na haikuwahi kuongozwa na mtu wa nje. Bodi ilitaka mtu wa kuitikisa. Magazeti yalifurahi: mwanamke wa kwanza kuongoza kampuni iliyomo kwenye ile orodha ya kampuni 30 ya Dow Jones. Wawekezaji nao wakafurahi, maana mwaka 1999 kila mtu alikuwa anafurahia kila kitu kilichogusa intaneti.

Furaha iliisha Septemba 2001. Fiorina alitangaza kuinunua Compaq, mtengenezaji mwingine mkubwa wa kompyuta, kwa hisa zenye thamani ya kama dola bilioni 25. Siku ya kwanza ya soko baada ya tangazo, hisa za HP zilishuka zaidi ya asilimia 18. Hesabu ya wanahisa ilikuwa nyepesi. Biashara ya kompyuta za mezani faida yake ni kiduchu, printa na wino ndivyo vinavyolisha nyumba, na huyu mama anataka kutumia hisa zetu kununua zaidi ya kile kisicholipa.

Aliyejitokeza kupinga ni Walter Hewlett, mtoto wa mwanzilishi. Hapa pana kitu ninachokipenda. Walter alikuwa mjumbe wa bodi, na ndani ya bodi alikuwa amepiga kura ya ndiyo. Alipotoka nje, kama mwanahisa na msimamizi wa mali za familia, akasema hapana. Kampuni ikawaandikia wanahisa barua ikimtaja Walter kuwa ni mwanamuziki na msomi, yaani msimsikilize, huyu kazi yake ni ala za muziki. Nadhani barua ile iliwapotezea kura kuliko ilivyowapatia. Mtu ambaye baba yake aliianzisha kampuni huwaambii wanahisa kwamba ni mpiga muziki tu.

Vita yenyewe ilipiganwa kwa fomu za uwakilishi. Mwanahisa asiyekwenda mkutanoni husaini fomu inayompa mtu mwingine mamlaka ya kumpigia kura. Za kampuni zilikuwa nyeupe, za Walter zilikuwa za kijani. Kwa kuwa fomu ya mwisho kusainiwa ndiyo inayohesabiwa, kila upande uliendelea kutuma barua na kupiga simu hadi dakika za mwisho. Bibi mstaafu mwenye hisa mia mbili aliweza kupokea bahasha nyeupe Jumatatu na ya kijani Jumatano, wiki baada ya wiki. Tarehe 19 Machi 2002 wanahisa wakakutana Cupertino. Walter aliposimama kuzungumza, ukumbi ulisimama na kumpigia makofi. Lakini makofi hayahesabiwi. Kura zilipomalizika kuhesabiwa, Fiorina alikuwa ameshinda kwa asilimia 51 na ushee, tofauti ya hisa milioni 45 hivi kati ya zaidi ya bilioni moja na nusu.

Baadaye ikajulikana kwamba kitengo cha uwekezaji cha Deutsche Bank kilibadilisha kura za hisa kama milioni 17 kutoka hapana kwenda ndiyo muda mfupi kabla ya mkutano, huku kitengo kingine cha benki hiyohiyo kikiwa kinafanya kazi kwa HP. Mwaka 2003 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza faini ya dola 750,000 kwa kutowaambia wateja wake juu ya mgongano huo wa maslahi. Ukipiga hesabu, kura milioni 17 zikihama upande zinafanya tofauti ya milioni 34, kwa hiyo peke yake zisingegeuza matokeo. Harufu ilibaki hata hivyo. Na Walter? Bodi haikumteua tena.

Miaka mitatu baadaye bodi ileile iliyomtetea Fiorina kwa barua na mawakili ikamtoa, na kiinua mgongo cha zaidi ya dola milioni 20 juu yake. Baadhi ya mifuko ya pensheni ilikwenda mahakamani kulalamikia malipo hayo. Soko, kama nilivyosema, likashangilia. Sikumbuki kusoma mchambuzi aliyeuliza siku ile kwa nini waliokuwa wanashangiliwa kwa kumfukuza ni walewale waliomwajiri na kumpigania.

Aliyefuata, Mark Hurd, alikuwa jibu la kila kitu ambacho wanahisa walikuwa wanakilalamikia. Alitoka NCR, kampuni ya mashine za fedha na rejesta za madukani. Hakuwa mtu wa hotuba. Alikuwa mtu wa safu za namba, na tangazo la kuja kwake Machi 2005 lilipandisha hisa kama asilimia 10. Kufikia Julai alikuwa ametangaza kupunguza ajira zipatazo 14,500. Mwaka 2008 akainunua EDS, kampuni ya huduma za kompyuta, kwa karibu dola bilioni 14. Bei ya hisa ikawa kama mara mbili ya alivyoikuta. Mwekezaji akupe nini zaidi ya kukupenda?

Ukisoma hesabu za miaka ile kwa utulivu, utaona palipokuwa panakatwa. Mwaka 2005 HP ilitumia kama asilimia 4 ya mapato yake kwenye utafiti na ubunifu. Kufikia 2009 ilikuwa kama asilimia 2.5. Kampuni ya vifaa vya kompyuta ikipunguza maabara, faida ya mwaka huu inanona na bidhaa ya miaka mitano ijayo haizaliwi. Apple ilitoa iPhone mwaka 2007 na iPad mwaka 2010. HP, yenye mapato makubwa kuliko wao, ikainunua Palm kwa dola bilioni 1.2 mwaka huo wa 2010 ili ipate pa kuanzia. Hili halikuwashughulisha sana waliokuwa wanapiga simu kwenye mikutano ya robo mwaka. Walikuwa wanauliza gharama zitashuka kiasi gani tena.

Kuondoka kwa Hurd hakukuhusu biashara. Uchunguzi wa uhusiano wake na mwanamke aliyekuwa anafanya kazi za mkataba kwa kampuni ulikuta kwamba hakuvunja kanuni ya unyanyasaji wa kijinsia, ila taarifa za matumizi hazikuwa sahihi. Bodi ikamwambia aende. Larry Ellison, bosi wa kampuni ya programu ya Oracle na rafiki yake, aliandika kwa gazeti la New York Times kwamba huo ni uamuzi mbaya kuliko wote tangu Apple walipomfukuza Steve Jobs. Mwezi mmoja baadaye akamwajiri. Wawekezaji wakagawanyika. Kuna waliosema bosi asiyeaminika kwenye risiti ndogo haaminiki kwenye bilioni. Kuna waliosema wametupiwa dola bilioni tisa barabarani kwa sababu ya risiti za chakula. Mimi niko karibu na kundi la kwanza, ila ninaelewa hasira ya la pili: waliambiwa Ijumaa jioni, soko likiwa limeshafungwa, na hakuna mrithi aliyeandaliwa. Cathie Lesjak, mkuu wa fedha, akawa kaimu. Mara ya pili ndani ya miaka sita kampuni kubwa kuliko zote za kompyuta duniani kwa mapato inashikwa na kaimu.

Tena bodi yenyewe haikuwa bodi ya kawaida. Mwaka 2006 iligundulika kwamba mwenyekiti wake, Patricia Dunn, akitafuta nani anavujisha siri za vikao kwa waandishi, alikuwa amekodi wapelelezi ambao walijifanya watu wengine ili wapate orodha za simu za wajumbe wenzake na za waandishi wa habari. Bunge la Marekani likawaita. Mjumbe mmoja, Tom Perkins, mwekezaji maarufu wa Silicon Valley, alishaondoka kikaoni kwa hasira. Watu waliopelelezana hivyo ndio, wao na waliowarithi, waliobaki na kazi ya kuchagua mkuu wa kampuni.

Ndipo akaja Léo Apotheker.

Alikuwa amewahi kuiongoza SAP, kampuni ya programu ya Ujerumani, kwa muda mfupi usioisha vizuri. Tangazo lilitoka mwisho wa Septemba 2010, na hisa zikashuka. Baadaye New York Times liliripoti kwamba wajumbe wengi wa bodi walimpitisha bila kukutana naye. Kamati ya wanne ilimhoji, wengine wakaletewa jina. Mjumbe mmoja aliliambia gazeti hilo kwamba walikuwa wamechoka mno na ugomvi wa wao kwa wao. Nimelirudia sana jambo hili akilini. Hata dereva wa daladala mwenye gari wake humwita, akamtazama usoni, akamwuliza amefanya njia gani. Hawa walikuwa wanakabidhi kampuni yenye mapato ya dola bilioni 126 kwa mwaka.

Tarehe 18 Agosti 2011 Apotheker akatangaza mambo matatu kwa mpigo. Kwanza, HP inaiua TouchPad, tableti iliyokuwa sokoni kwa siku 49 tu, pamoja na biashara yote ya simu iliyotoka Palm. Pili, inanunua Autonomy, kampuni ya programu ya Cambridge, Uingereza, kwa zaidi ya dola bilioni 10, bei iliyozidi ile ya soko kwa kama asilimia 64. Tatu, inafikiria kuitenga biashara ya kompyuta binafsi, na jambo hilo linaweza kuchukua miezi 12 hadi 18.

Hilo la tatu ndilo lililonifundisha zaidi jinsi wawekezaji wanavyofikiri. Kuuza kitengo si kosa. Wengi walikuwa wamelitaka hilo tangu siku za Walter. Kosa ni kulitangaza likiwa bado mawazo. Jiweke kwenye nafasi ya afisa manunuzi wa benki anayetaka kompyuta elfu tano na matengenezo ya miaka mitatu. Muuzaji amekwambia hajui kama mwakani atakuwa bado kwenye biashara hii. Unampigia Dell au Lenovo kabla ya chakula cha mchana. Na kitengo hicho kilikuwa kinaleta karibu theluthi moja ya mapato yote. Kesho yake hisa zilianguka asilimia 20. TouchPad ikauzwa kwa dola 99, na watu waliokuwa hawaitaki wakapanga foleni.

Septemba 22 akaondolewa, hata miezi kumi na moja haijatimia. Aliondoka na mamilioni, bila shaka. Soko lilishangilia uvumi wa kutoka kwake jana yake kwa kupanda karibu asilimia 7, kisha lilipojua nani anakuja likarudi chini. Aliyekuja ni Meg Whitman, mkuu wa zamani wa eBay, aliyekuwa ametoka kushindwa ugavana wa California mwaka uliotangulia. Wasiwasi wa wanahisa haukuwa juu ya eBay. Ni kwamba tangu Januari mwaka ule alikuwa mjumbe wa bodi. Ununuzi wa Autonomy ulikuwa umepita mbele yake. Yaani bodi ilimfukuza mtekelezaji wa uamuzi wake yenyewe, ikachukua mwenzao mmoja mezani kuusafisha.

Na Lesjak, yule mkuu wa fedha, aliupinga ununuzi ule. Alilieleza baadaye chini ya kiapo mahakamani. Mwenye ufunguo wa kasha alisema hapana na bodi ikapitisha.

Whitman alichukua mshahara wa dola moja kwa mwaka (marupurupu ya hisa ni habari nyingine), akasema kompyuta zinabaki, na akawaomba wanahisa miaka. Novemba 2012 bili ikafika: HP ilifuta vitabuni dola bilioni 8.8 kwa ajili ya Autonomy, na ikadai kwamba zaidi ya bilioni 5 za hizo zilitokana na udanganyifu wa mahesabu wa wauzaji. Kesi zake zilivuka bahari na kudumu zaidi ya miaka kumi: mahakama ya London mwaka 2022 iliipa kampuni sehemu kubwa ya ushindi kwenye madai, huku mwanzilishi wa Autonomy, Mike Lynch, akiachiwa huru na baraza la mahakama la San Francisco kwenye mashtaka ya jinai Juni 2024. Miezi michache kabla ya tangazo lile, kampuni ilikuwa imefuta dola bilioni 8 nyingine za EDS, ile ya Hurd. Hisa zikawa zinauzwa kwa dola 11 na kitu, chini kuliko alivyoziacha Fiorina.

Hapo ndipo swali la tatu lilipofika. Mkutano mkuu wa Machi 2013 hapakuwa na bosi wa kufukuza. Mifuko ya pensheni, ikiwamo ya wafanyakazi wa jiji la New York, iliwaambia wanahisa wenzake: safari hii tuwatazame wanaoajiri. Uchaguzi wa bodi haukuwa na wagombea wa kushindana, na kwa kawaida uchaguzi wa aina hiyo mjumbe hupata zaidi ya asilimia 90 akiwa amelala. Mwenyekiti Ray Lane alipata chini ya asilimia 60. John Hammergren na Kennedy Thompson, walioongoza kamati zilizohusika, walipita kwa nafasi nyembamba zaidi. Kisheria walikuwa wameshinda. Wiki mbili baadaye Lane akaacha uenyekiti na wale wawili wakatangaza kuondoka. Kiti cha mwenyekiti kikakaimiwa na Ralph Whitworth, mwekezaji ambaye kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kuzisumbua bodi za watu.

Mengine nayapitia haraka. Tarehe 1 Novemba 2015 Hewlett-Packard iligawanywa: seva na huduma za mashirika zikaenda na Whitman kwenye Hewlett Packard Enterprise, kompyuta na printa zikabaki HP Inc. chini ya Dion Weisler. Kompyuta zilitengwa, basi, kama Apotheker alivyotaka, ila miaka minne baadaye na pamoja na printa.

Agosti 2019 Weisler akatangaza kuondoka kwa sababu za afya katika familia yake Australia. Mrithi alitajwa siku hiyohiyo: Enrique Lores, aliyeingia HP kama mwanafunzi wa mafunzo mwaka 1989. Hapakuwa na kaimu wala uvumi. Hisa zilishuka, lakini wachambuzi hoja yao kubwa ilikuwa wino. Februari mwaka ule mauzo ya wino na tona yalikuwa yamepungua kuliko ilivyotarajiwa, na hisa zikaanguka asilimia 17 kwa siku moja. Shemeji yangu ana steshenari karibu na chuo, na ukimtembelea utamkuta na bomba la sindano na vichupa vinne vya rangi, anajaza katriji za printa za kila kampuni, kitambaa cheusi begani. Nilimsomea habari ile ya hisa. "Shemeji," akanijibu bila kuinua macho, "wao wameuza printa bei ya kuku ili waniuzie wino bei ya mbuzi. Mimi nimekataa mbuzi." Hakuna mkurugenzi mtendaji aliyepata jibu kamili la hoja yake.

Lores hakukaa hata wiki moja kitini kabla ya kuletewa barua. Novemba 2019 Xerox, kampuni ya mashine za fotokopi ambayo HP iliizidi thamani zaidi ya mara tatu, ilitaka kuinunua HP nzima kwa kama dola bilioni 33, ikisukumwa na Carl Icahn, tajiri wa New York aliyekuwa na hisa za kampuni zote mbili. Bodi ya HP ikakataa. Xerox hawakupoteza muda kumsema Lores. Januari 2020 walipeleka majina kumi na moja kwa ajili ya bodi ya HP, ya kutosha kuiondoa yote kwenye mkutano mkuu uliokuwa unakuja, na Februari wakapandisha bei hadi dola 24 kwa hisa. Fomu za uwakilishi zilikuwa njiani kurudi, kama mwaka 2002. Kisha corona ikaingia, masoko yakaporomoka, na tarehe 31 Machi Xerox wakaondoa ofa pamoja na majina yote kumi na moja. Wanahisa wa HP walipokutana Mei, waliletewa orodha moja tu ya wajumbe, ile ya bodi yenyewe.